Anayeuguza naye huugua: familia inavyobeba mzigo wa dayalisisi

Siku tulipozungumzia ugonjwa wa figo katika kipindi chetu cha afya, simu karibu zote zilimhusu mgonjwa. Ale nini? Anywe nini? Atapona lini? Simu ya mwisho ilikuwa tofauti. Mama mmoja alisema: "Mtangazaji, mimi si mgonjwa. Mimi ndiye ninayempeleka. Mbona sisi hatuzungumzwi?"

Muda ulikuwa umekwisha, tukaingia kwenye taarifa ya habari. Lakini swali lake nimebaki nalo hadi leo, na nina sababu yangu ya nyumbani ambayo nitakueleza huko mbele. Makala hii ni jibu nililokuwa nimempa deni yule mama. Inamhusu mke, mume, mtoto, dada au shemeji anayeamka saa 10 alfajiri kumwandaa mtu aende kusafishwa damu, na ambaye jioni akirudi bado anaingia jikoni.

Kwanza tuelewe: mashine inafanya nini?

Figo ni mbili, kila moja inalingana na ngumi ya mtu, zimekaa mgongoni chini ya mbavu. Kazi yake ni kuchuja damu usiku na mchana, kutoa uchafu na maji yaliyozidi, na kuyapeleka kwenye mkojo. Figo pia husaidia kupanga presha, na husaidia mwili kutengeneza damu. Ndiyo maana mgonjwa wa figo huvimba miguu na uso, presha hupanda, na damu hupungua.

Magonjwa mawili yanayoongoza kwa kuharibu figo ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Yote mawili yanaweza kukaa mwilini miaka mingi bila kelele. Mtu analima, anacheza ngoma, anacheka, kumbe figo zinakufa polepole. Wengi wanafika hospitali wakati zimebaki kidogo sana.

Hapo ndipo huingia dayalisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine. Damu hutolewa kupitia mrija, hupita kwenye chujio, kisha hurudishwa mwilini. Haitolewi yote kwa pamoja kama wengine wanavyoogopa; kwa wakati mmoja kilichoko nje ya mwili ni kiasi cha glasi moja hivi. Damu inazunguka hivyo kwa masaa manne. Kwa kawaida mgonjwa hutakiwa kufanya hivyo mara tatu kwa wiki.

Wasikilizaji huuliza: kwa nini mashine hizi hazipo kwenye zahanati yetu? Sababu moja ni maji. Mgonjwa mmoja kwa mara moja hutumia maji maalumu yapatayo lita 120, nayo lazima yawe yamesafishwa kuliko hata maji ya kunywa. Ongeza umeme usiokatika na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Ndiyo maana huduma hii ilianza kwenye hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, Benjamin Mkapa Dodoma na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, na sasa ipo pia katika baadhi ya hospitali za rufaa za mikoa. Lakini kwa mtu wa kijijini, bado ni safari.

Masaa 12 ya hospitali, masaa 156 ya nyumbani

Tufanye hesabu ndogo. Wiki moja ina masaa 168. Figo nzima hufanya kazi masaa yote hayo. Mgonjwa akienda dayalisisi mara tatu, kila mara masaa manne, anakuwa kwenye mashine masaa 12. Masaa 156 yanayobaki hayana mashine wala nesi. Yana wewe.

Katika masaa hayo 156 uchafu na maji vinaendelea kujaa mwilini. Anachokula, anachokunywa, dawa anazomeza, kidonda kinachotazamwa au kisichotazamwa, vyote viko mikononi mwa familia. Tunaposema hospitali inamtibu mgonjwa wa figo tunasema kweli, ila nusu yake tu. Sehemu kubwa ya tiba inafanyika jikoni na chumbani, na anayeifanya hakusomea, halipwi, na mara nyingi hakuulizwa kama anaweza.

Na siku ya mashine yenyewe haiwi ya masaa manne. Mgonjwa akitoka hapo huwa amechoka. Wengine presha inashuka, wengine misuli inakaza, wengine kichwa kinauma. Mtu wa namna hiyo usimpakie bodaboda peke yake. Anahitaji kukaa, kula kitu kidogo, kisha kusindikizwa. Kwa hiyo wanaokwenda ni wawili, na siku imekwisha kwa wote wawili.

Hesabu ya safari

Watu wengi wakisikia dayalisisi wanafikiria bei ya kusafisha. Ni kweli ni kubwa kwa asiye na bima. Lakini hata mwenye bima hukuta gharama ambazo hakuna kadi inayozilipa.

Tuchukue mfano wa familia iliyoko Rungwe, inayompeleka mzee wao Mbeya mjini. Tuseme nauli ya gari ni shilingi 5,000 kwa mtu mmoja kwenda. Watu wawili, kwenda na kurudi, ni shilingi 20,000. Bodaboda kutoka kijijini hadi stendi, tuseme 3,000 kwenda na 3,000 kurudi. Jumla 26,000 kwa siku moja. Mara tatu kwa wiki ni 78,000. Wiki nne ni 312,000. Hapo hatujanunua chai wala chakula, hatujanunua dawa, na hatujahesabu sindano ya kuongeza damu ambayo wagonjwa wengi huandikiwa.

Nauli ya kwenu unaijua mwenyewe. Chukua kalamu, weka namba zako, upige hesabu hiyo hiyo. Nakuomba ufanye hivyo kwa sababu familia nyingi hazipigi. Zinatoa leo, zinakopa kesho, zinauza ng'ombe keshokutwa, na mwaka ukiisha hakuna anayejua zimetoka ngapi. Kisha zinaanza lawama za nani amekula hela.

Kuna na hasara isiyoandikwa popote. Siku tatu kwa wiki hakuna aliyekwenda shamba. Chai haikuchumwa, viazi havikupaliliwa, genge halikufunguliwa. Mara nyingine binti wa sekondari ndiye anayebaki na wadogo zake, au ndiye anayesindikiza, na shule inaanza kurukwa siku moja moja. Ukiona hivyo kwenye familia yako, simama hapo hapo. Tusimtibu mzee kwa kukata masomo ya mtoto kabla hatujaangalia nani mwingine anaweza kwenda.

Jikoni: ndizi, viazi na parachichi

Huku kwetu nyanda za juu hili ni gumu kuliko wanavyodhani watu wa mjini. Damu ya mgonjwa wa figo hujaa madini yanayoitwa potasiamu. Yakizidi sana, moyo unaweza kupiga vibaya na hata kusimama ghafla. Na potasiamu imejaa kwenye vyakula vyetu hasa: ndizi, viazi mviringo, parachichi, maharage, nyanya, machungwa. Mtu amekula ndizi miaka 60, leo anaambiwa apunguze au aache. Anayeambiwa ni yeye, lakini anayegombana naye mezani ni mkewe.

Yapo mambo yanayosaidia. Viazi na ndizi mbichi unaweza kumenya, kukata vipande vidogo, kuchemsha kwenye maji mengi, ukamwaga maji yale, ukaweka mengine na kuchemsha tena. Potasiamu nyingi huondoka na maji yaliyomwagwa. Mboga za majani fanya vivyo hivyo, na usimpe mchuzi wake. Hii haimaanishi ale sinia zima. Kiasi kinabaki kidogo, na mtaalamu wa lishe wa hospitali ndiye anayepanga kulingana na vipimo. Ugali na wali kwa kawaida havina tatizo hilo.

Chumvi nayo ipungue. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni kwa watu wote. Chumvi ikizidi huleta kiu, na kiu kwa mgonjwa huyu ni adui. Soda za rangi nyeusi, dagaa wanaoliwa na mifupa yao, na maziwa mengi vina fosforasi, ambayo ikijaa huleta mwasho wa ngozi na kudhoofisha mifupa.

Jambo moja huwachanganya wengi. Kabla ya kuanza dayalisisi, daktari anaweza kumwambia mgonjwa apunguze nyama. Akishaanza dayalisisi, anaambiwa aongeze mayai, samaki au kuku. Si kwamba madaktari wanajipinga. Mashine inapochuja hupoteza na sehemu ya lishe, hivyo mwili unahitaji protini zaidi ili usikonde.

Ushauri wangu ni kutopika vyungu viwili kila siku mpaka mwaka uishe, maana utachoka. Pika chakula cha familia kikiwa na chumvi kidogo, mtolee mgonjwa chake kwanza, kisha wengine waongeze chumvi yao kwenye sahani. Nyumba nzima itafaidika, hasa kama presha imo kwenye ukoo.

Maji: ugomvi wa kila siku

Mtu ambaye figo zimesimama hukojoa kidogo au hakojoi kabisa. Maji anayokunywa yanabaki ndani. Yakizidi huingia kwenye mapafu, naye huanza kutweta kama aliyekimbia mlima. Mwingine huambiwa anywe lita moja tu kwa siku, mwingine chini ya hapo, kutegemea bado anakojoa kiasi gani. Na si maji peke yake. Uji, chai, mchuzi, supu, maziwa, tikiti maji na chungwa vyote vinahesabika.

Njia rahisi ni hii. Asubuhi jaza chupa kiasi alichoruhusiwa na daktari. Kila akinywa kitu, hata kama ni chai, mwaga kiasi kile kile kutoka kwenye chupa. Chupa ikiisha, siku imeisha. Hivyo chupa ndiyo inayokataa, siyo wewe, na maneno yanapungua. Mpe kikombe kidogo badala ya kikubwa. Asukutue mdomo na kutema. Anyonye kipande kidogo cha limau.

Mkiweza kupata mizani, mpimeni kila asubuhi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Akiongezeka kilo tatu kati ya Jumatatu na Jumatano, hajanenepa, ni maji.

Akikukasirikia ukimnyima maji, usichukulie ni chuki. Ana kiu kweli. Na wewe ukimkatalia humtesi. Nyote wawili mmefungwa na ugonjwa mmoja.

Mkono, shingo na dalili za kukimbilia hospitali

Wagonjwa wengi huanza na mrija uliowekwa shingoni au kifuani. Mrija huo usilowe maji. Mgonjwa aogeshwe kwa kitambaa sehemu hiyo, na bandeji isifunguliwe nyumbani. Akipata homa au kutetemeka kwa baridi, mpelekeni siku hiyo hiyo. Msisubiri zamu yake ya mashine na msiseme ni malaria tu, kwa sababu wadudu wakiingia kwenye mrija huingia moja kwa moja kwenye damu.

Wengine hufanyiwa upasuaji mdogo mkononi unaoitwa fistula, ambapo mshipa unaopeleka damu huunganishwa na mshipa unaorudisha damu ili uwe mnene. Huchukua wiki kadhaa, hata miezi, kabla ya kutumika. Mkono huo usibebeshwe ndoo, usifungwe saa wala bangili ya kubana, usipimiwe presha, usichomwe sindano nyingine. Kila asubuhi weka vidole juu yake; utasikia mtetemo kama paka anayekoroma. Mtetemo ukipotea, piga simu au nenda hospitali siku hiyo. Ukitoka damu, bonyeza kwa nguvu palepale kwa kitambaa safi, inua mkono, na tafuta usafiri.

Dalili nyingine za kutosubiri ni hizi: kushindwa kupumua hasa akilala chali, mapigo ya moyo kwenda ovyo, misuli kulegea ghafla, kuchanganyikiwa, au kifafa.

Na dawa za dukani? Diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazomeza kwa maumivu ya mgongo baada ya kulima, zinaweza kumaliza figo kidogo iliyobaki. Dawa za miti shamba nazo, nyingine zina sumu kwa figo au zina potasiamu nyingi. Usimpe bila kumwambia daktari, hata kama aliyezileta ni shangazi mwenye nia njema.

Mwili na moyo wa anayeuguza

Sasa turudi kwa yule mama wa kwenye simu.

Anayeuguza halali vizuri. Anasikiliza pumzi ya mgonjwa usiku. Anainua mtu mzito kuliko yeye, mgongo unauma. Anakula kilichobaki, tena amesimama. Kanisani au msikitini hajaonekana miezi, kwenye kikundi ametoa udhuru mara tatu, mwisho ameacha. Watu wakimwona wanauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Yeye mwenyewe haulizwi.

Kisha yapo mambo ambayo hayasemwi kwa sauti. Kuna siku anakasirika na mgonjwa, halafu anajilaumu. Kuna siku anawaza, "Hii itaisha lini?" halafu anaogopa wazo lake mwenyewe, kwa sababu anajua itaisha vipi. Wana ndoa hulala kama mgonjwa na nesi. Mtoto anayemwogesha baba yake anaona aibu, na baba anaona aibu zaidi, na hakuna anayelizungumza.

Kama mawazo hayo yamekujia, hujawa mtu mbaya. Umechoka. Uchovu una dalili zake: kukosa usingizi hata ukipata nafasi ya kulala, kulia bila sababu, hasira za haraka, kutosikia njaa, kuona hakuna maana ya kuamka. Ukikaa hivyo zaidi ya wiki mbili, mwambie daktari wakati mmempeleka mgonjwa. Sonona ni ugonjwa na ina tiba.

Na kuna hatari nyingine. Kama unayemuuguza ni mzazi wako au ndugu yako wa damu, kisukari, presha na ugonjwa wa figo vinaweza kuwa vinakunyemelea na wewe. Kituo cha afya kinaweza kukupima presha, sukari, na protini kwenye mkojo. Ni vipimo vya muda mfupi. Usisubiri Siku ya Figo Duniani, ile Alhamisi ya pili ya mwezi Machi, ndiyo ukumbuke.

Maneno ya ndugu

Mzigo huu huongezwa uzito na maneno. Mtu akianza kuvimba, wengine husema amelogwa. Akiwa ni mwanaume, jicho la kwanza humwangukia mke. Mke huyo huyo anayebeba chupa ya maji na mfuko wa dawa ndiye anayeitwa kikaoni kujieleza. Nimesikia wasikilizaji zaidi ya mmoja wakisimulia jambo hili.

Ukiwa mwenye sauti kwenye ukoo, nenda na wenye mashaka hospitalini siku ya mashine, kaeni na daktari, aeleze kwa lugha rahisi. Mtu akiona mashine na kusikia kwamba kisukari cha miaka 15 ndicho kilichofika hapa, maneno mengi hupungua.

Niliyoyaona nyumbani kwetu

Nilisema nina sababu yangu. Baba yetu alikuwa mwalimu mstaafu. Figo zilipokwama, dada yangu aliyebaki nyumbani ndiye aliyempeleka Mbeya, wiki baada ya wiki, kwa karibu miaka miwili. Mimi nilikuwa mjini na kazi yangu ya redio. Kila mwisho wa mwezi nilituma muamala, nikapiga simu, nikauliza, "Mzee anaendeleaje?" Dada akasema, "Anaendelea." Nikakata simu nikiona nimetimiza wajibu.

Nilikuwa natangaza afya hewani na sijawahi hata mara moja kumuuliza dada yangu, "Na wewe unaendeleaje?"

Baba alipofariki, wiki ya pili baada ya mazishi dada alianguka. Alipopimwa presha ilikuwa 170 kwa 110. Alisema kichwa kilikuwa kinamuuma kwa muda mrefu, ila kila siku aliyokuwa hospitali ilikuwa siku ya baba, hakuona aibu ndogo kujipanga foleni kwa ajili yake mwenyewe. Leo anameza dawa na anaendelea vizuri. Lakini najua kwamba kati ya zile safari zote, mimi nilipaswa kubeba nyingine. Hela yangu ilisaidia nauli. Usingizi wake haukurudi kwa hela.

Nini kifanyike

Hakuna maneno matamu ya kuondoa mzigo huu. Lakini mzigo wa watu watano ukibebwa na mmoja humvunja, na wa watano ukibebwa na watano husogea. Haya hapa tunayoweza kuanza nayo:

1. Itisheni kikao cha familia mapema, mgonjwa akiwemo. Msikae kujadili fedha tu. Gaweni siku: nani anasindikiza Jumatatu, nani Jumatano, nani Ijumaa. Aliye mbali na hawezi kuja, achukue likizo yake aje wiki moja au mbili, ili anayeuguza apumzike.

2. Kila anayesindikiza afundishwe. Muombeni nesi amweleze zaidi ya mtu mmoja kuhusu mrija, dawa na chakula. Ujuzi ukikaa kwa mtu mmoja, huyo mmoja hawezi hata kuugua.

3. Wekeni daftari moja. Upande mmoja andikeni uzito, presha, dawa na tarehe. Upande wa pili andikeni kila shilingi iliyotoka na nani aliitoa. Daktari atafurahia upande wa kwanza, na upande wa pili utazuia ugomvi.

4. Uliza kuhusu bima kwa maneno yaliyo wazi. Kama ana NHIF, uliza kifurushi chake kinalipia dayalisisi, mara ngapi kwa wiki, na dawa zipi. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na utekelezaji wake unahusu pia sisi wa vijijini, kwa hiyo fuatilia kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha afya. Msisubiri mtu augue.

5. Muone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Watu wengi hupita mlango wake bila kujua. Yeye ndiye anayesikiliza wasio na uwezo, na anaweza kukueleza utaratibu wa msamaha au wa kulipa kidogo kidogo. Nenda na barua ya serikali ya kijiji.

6. Omba ratiba inayolingana na usafiri. Kama gari la kwanza linafika saa 3 asubuhi, sema. Haiwezekani kila mara, lakini asiyesema hapewi.

7. Majirani, msaada mzuri si lazima uwe hela. Kumchotea maji, kukaa na mgonjwa masaa mawili, kumpalilia robo eka, kumchukulia mtoto shuleni. Usimwambie "ukihitaji kitu niambie", kwa sababu hatasema. Mwambie, "Alhamisi nakuja kukaa na mzee, wewe nenda ukalale."

8. Wewe unayeuguza, jipangie muda wako kila wiki, hata nusu siku. Nenda kwenye kikundi, ibada, au sokoni bila haraka. Kupumzika ni sehemu ya kumuuguza mgonjwa.

Je, figo mpya?

Kwa baadhi ya wagonjwa kuna njia ya kupandikizwa figo. Zamani ilikuwa lazima kwenda nje, hasa India. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo hapa nchini kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India, na mwaka 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, nayo ikaanza. Figo hutolewa na ndugu aliye hai, baada ya vipimo vingi. Mtu mwenye afya anaweza kuishi na figo moja.

Lakini msimlazimishe mtu. Nimesikia familia ambapo kijana mmoja alitengwa kwa sababu alisita kutoa. Figo ni zawadi, si mchango wa harusi. Anayetoa lazima akubali kwa moyo wake, na anayepokea atameza dawa maisha yake yote. Si kila mgonjwa anafaa, hivyo muulize daktari kwanza kabla ya kuanza kutafuta mtoaji.

Mazungumzo tunayoyakwepa

Kuna wakati mgonjwa, hasa mzee sana au mwenye magonjwa mengine mazito, husema, "Nimechoka na mashine." Usimnyamazishe haraka. Inawezekana ana maumivu yanayotibika, au sonona, au anaona huruma jinsi mnavyouza mali. Muulize, msikilize, kisha mwende pamoja kwa daktari. Baadhi ya hospitali zina tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na kuisaidia familia katika ugonjwa mzito. Kuiuliza si kukata tamaa.

Jambo moja tu nasisitiza: uamuzi wa kuacha au kupunguza dayalisisi usifanywe kimya kimya kwa sababu nauli imekwisha. Mgonjwa ambaye figo zimesimama kabisa akikosa mashine huweza kufariki ndani ya siku au wiki chache. Nauli ikiisha, semeni. Kwa ustawi wa jamii, kwa mtendaji, kanisani, msikitini, kwenye vikoba. Aibu ya kuomba inapita.

Kwako mama uliyepiga simu mwishoni mwa kipindi, samahani tulikukatia muda. Swali lako lilikuwa ndilo kubwa kuliko yote ya siku ile. Na kwako uliyeko mbali na nyumbani, unayetuma hela kila mwezi kama nilivyokuwa nikituma mimi: leo jioni piga simu. Muulize mzee hali yake. Kisha omba upewe yule anayemuuguza, umuulize na yeye, na usikate simu akikuambia "naendelea". Subiri kidogo. Atakuambia.